Kishikwambi darasani: kinaonyesha kosa la mtoto au kinalifunika?

Mleta mada

Walimu wenzangu, na wazazi mnaofuatilia masomo ya watoto wenu, mijadala mingi kuhusu vishikwambi, projekta na kompyuta mpakato katika shule za msingi na madarasa ya kati huanza na swali moja: je, vifaa hivi vinafaa au havifai? Naona swali hilo limekaa vibaya, kwa sababu kifaa kile kile, mikononi mwa watoto wale wale, kinaweza kufanya kazi mbili zinazopingana ndani ya wiki moja. Nitaeleza yaliyonikuta katika somo la desimali, kisha niseme kwa nini nimefikia msimamo nilio nao.

Nilikuwa nimefundisha kulinganisha desimali kwa siku mbili. Nikaandika ubaoni 0.25 na 0.3, nikauliza ipi ni kubwa, na mikono ile ile ya kila siku ikanyooka. Mtoto mmoja akajibu kwamba ni 0.3, darasa likampigia makofi, nikafuta ubao na kuendelea. Kipindi kilichofuata ilikuwa zamu yetu ya vishikwambi. Nikarudia swali lile lile, safari hii kila mtoto akituma jibu lake kimyakimya bila jina kuonekana, na projekta ikaonyesha majibu kwa mihimili miwili. Mhimili wa 0.25 ulikuwa mrefu kuliko wa 0.3. Nilibaki nimesimama na chaki mkononi, nikiyakumbuka yale makofi.

Chanzo cha kosa hilo kinafahamika kwa wengi wanaofundisha hisabati: mtoto huzisoma tarakimu zinazofuata nukta kana kwamba ni namba nzima, na kwa kuwa 25 ni kubwa kuliko 3, basi kwake 0.25 ni kubwa kuliko 0.3. Ila liko kundi la pili, gumu zaidi kuligundua, nalo ni la watoto wanaochagua 0.3 kwa kuamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa siku zote, kwa sababu wamesikia kwamba sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia. Swali langu la kwanza liliwapa hao alama ya bure. Nilipotuma swali la pili, la 0.4 na 0.45, waliokosa mwanzo wakapata, na baadhi ya waliopata mwanzo wakakosa. Kwa maswali mawili tu, katika dakika zisizozidi 5, nilijua kwamba nina makundi matatu: wanaotazama urefu wa desimali, wanaotazama ufupi wake, na wanaoelewa thamani ya nafasi. Kilichofuata hakikuhitaji umeme. Kila mtoto alichora mraba wenye vijisanduku 100, akapaka rangi safu 3 nzima kwa ajili ya 0.3, kisha vijisanduku 25 kwa ajili ya 0.25, na ubishi ukaisha wenyewe.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja tu ninachokitumia mtu anaponiletea programu au kifaa kipya: je, kinanionyesha kosa la mtoto wakati bado kuna nafasi ya kulishughulikia, au kinalifunika?

Kufunika kosa si jambo la kufikirika. Siku moja nilikaa nyuma ya mtoto wa darasa la 3 aliyekuwa akitumia mchezo wa kujifunza kuzidisha. Kila swali lilikuwa na vitufe vinne vya majibu, na mtoto akikosea, kitufe kilitetemeka kidogo kisha akaruhusiwa kujaribu kingine. Yule mtoto alikuwa akibonyeza kutoka kushoto kwenda kulia bila hata kusoma swali, kwa kuwa alikwisha kung'amua kwamba katika mibonyezo minne haiwezekani kukosa. Baada ya dakika 10 skrini ilijaa nyota na fataki, na ripoti iliyonifikia ilisema kwamba amekamilisha zoezi. Nilipomuuliza kwa mdomo 7 mara 6 ni ngapi, alinitazama kwa tabasamu la mtu aliyekamatwa. Mchezo ule haukuwa mbaya kwa sura wala kwa sauti, na bila shaka watoto waliupenda, lakini uliwafundisha kubahatisha haraka, nao ukanipa mimi ripoti nzuri ya kujidanganya.

Projekta nayo ina namna yake ya kufunika. Mwalimu anapotatua swali ubaoni kwa chaki, mkono wake unampunguza mwendo, na mtoto anauona mstari wa pili ukizaliwa kutoka katika mstari wa kwanza. Mwalimu yule yule akiwa na slaidi zilizokamilika, hatua tano hutokea kwa mbonyezo mmoja, watoto wanainamia madaftari na kunakili, na ukimya wa kunakili unafanana mno na ukimya wa kuelewa. Nimeifanya dhambi hiyo mwenyewe, tena kwa fahari, mwaka wa kwanza tulipofungiwa projekta.

Matumaini makubwa kuhusu mashine za kufundishia si mapya hata kidogo. Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri kwamba vitabu vitapitwa na wakati mashuleni na kwamba filamu zitachukua nafasi yake. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alitengeneza mashine iliyompa mtoto swali, ikamtaka aandike jibu, kisha ikamwonyesha papo hapo kama amepata. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza mfumo wa PLATO, uliofundisha kwa kompyuta wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba. Vitabu bado vipo. Hata hivyo, kila mara kilichodumu kutoka katika majaribio hayo ni lile wazo la mtoto kujibu na kujibiwa upesi, na kilichosahaulika ni ahadi kwamba chombo kitafanya kazi ya mwalimu.

Ushahidi wa miaka ya karibuni nao unaelekea huko huko. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa watoto wa shule kupitia mradi wa One Laptop per Child (yaani kompyuta moja kwa kila mtoto), ambao mwanzilishi wake, Nicholas Negroponte, aliutangaza mwaka 2005. Tathmini iliyohusisha shule za msingi 319 za vijijini, iliyotolewa mwaka 2012, haikuona tofauti katika matokeo ya hisabati na lugha kati ya shule zilizopata kompyuta na ambazo hazikupata. Vifaa vilifika, watoto walivitumia, ila ufundishaji ndani ya chumba ulibaki vile vile. Mwaka 2015 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, lilichapisha uchambuzi kuhusu nchi zilizowekeza sana katika kompyuta za shule, likasema kwamba hakukuwa na maendeleo ya kuonekana katika kusoma, hisabati na sayansi kwa wastani wa nchi hizo.

Linganisha hayo na jaribio lililofanyika Delhi, India, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Wanafunzi wa madarasa ya kati walipewa kwa bahati nasibu nafasi ya kuhudhuria vituo vilivyotumia programu inayoitwa Mindspark, nje ya saa za shule. Programu ile ilianza kwa kumpima mtoto, ikagundua kwamba wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa, kisha ikampa kila mmoja maswali ya kiwango chake halisi, huku ikichambua aina ya makosa anayoyafanya. Baada ya miezi minne na nusu waliopata nafasi walikuwa wamewapita wenzao kwa kiasi kikubwa katika hisabati, na kwa kiasi cha kuridhisha katika Kihindi. Niongeze jambo ambalo wauzaji wa programu hupenda kuliruka: katika dakika 90 za kila kikao, nusu ilikuwa ya kompyuta, na nusu ilikuwa ya msaidizi wa mwalimu aliyekaa na kikundi cha watoto wachache.

Kuhusu simu za watoto sitakawia. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2018 katika shule za msingi na za kati, na Sweden mwaka 2023 ilitenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi madarasani baada ya miaka ya kupenda skrini. Simu iliyomo mfukoni mwa mtoto wa miaka 12 haimwonyeshi mwalimu chochote, na inamwonyesha mtoto kila kitu isipokuwa somo. Pia kwa watoto wa darasa la 1 na la 2 wanaojifunza kuumba herufi, sioni sababu ya kuwanyang'anya penseli: herufi iliyopinduliwa kwenye daftari inaniambia kitu, ilhali herufi iliyobonyezwa kwenye kioo huja imenyooka hata kama mtoto haijui.

Na hapo ndipo akili mnemba inaponitia wasiwasi zaidi kuliko mchezo wa nyota na fataki. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika chochote unachoiomba, ilipotolewa Novemba 2022, mwalimu wa darasa la 7 anaweza kupokea insha 40 zisizo na kosa hata moja la sarufi, na kwa maana hiyo zisizomwambia lolote kuhusu watoto 40. Nimeamua kwamba rasimu ya kwanza inaandikwa darasani kwa mkono, nami naipitia. Baada ya hapo mtoto anaruhusiwa kuiuliza mashine kwa nini aya yake ya pili haieleweki, na lazima alete karatasi zote mbili. Maendeleo yake nayaona katika tofauti kati ya karatasi hizo. Ningependa kusikia wengine mnafanyaje.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, heshima yako. Nimeisoma mada neno kwa neno na ninakubaliana na kipimo chako, lakini naomba utushukie sisi wenye watoto zaidi ya 60 katika chumba kimoja na kompyuta moja tu, ambayo ni ya ofisi. Hiyo mihimili ya majibu tutaipata wapi? Isije ikawa tunapewa falsafa nzuri inayohitaji vishikwambi 60.

Mleta mada

Ndugu yangu, umegusa penyewe, na ningeliandika hilo mapema kama nisingevutwa na historia. Hauhitaji kishikwambi kwa kila mtoto ili uone makosa ya wote. Kuna programu inayotumia kadi za karatasi zenye mchoro wa miraba myeusi na myeupe, na kila upande wa kadi unasimamia jibu moja. Mtoto anaigeuza kadi hadi upande wa jibu lake uwe juu, anaiinua, nawe unapitisha kamera ya simu yako juu ya darasa zima, nayo inahesabu. Kwa kuwa mchoro wa kila kadi ni tofauti na wa jirani, kumwangalia mwenzako hakukusaidii. Simu moja, karatasi zilizochapishwa mara moja na kubandikwa kwenye kadibodi ili zisikunjike, na kazi imekwisha.

Hata bila simu, vibao vidogo vya kuandikia kwa chaki, vikiinuliwa kwa pamoja kwa hesabu ya tatu, vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kosa la kawaida ni kuwaruhusu wainue mmoja mmoja, maana wavivu wa kufikiri husubiri kuona kibao cha mwanafunzi hodari ndipo waandike.

Kuhusu chombo kimoja kwa watu wengi, tuwakumbuke waliotutangulia. Katika miaka ya 1970 Nikaragua ilifundisha hisabati za shule ya msingi kwa redio, na ufundi wa vipindi vile ulikuwa katika ukimya: sauti ya redio iliuliza swali, ikanyamaza kwa sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, kisha redio ikataja jibu. Meksiko nayo imekuwa ikifundisha madarasa ya kati kwa televisheni tangu mwaka 1968, huku mwalimu akiwa chumbani kuendeleza somo baada ya kipindi. Redio ile isingenyamaza, ingekuwa hotuba tu.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mzazi, wala si mwalimu, hivyo mtanisamehe nikikosea istilahi. Mleta mada anasema kosa la mtoto lionekane, nami swali langu ni: lionekane na nani? Binti yangu aliwahi kurudi nyumbani analia kwa sababu jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha iliyorushwa ukutani kwa projekta. Na hizo programu zinazochambua makosa yake, kumbukumbu hizo zinakwenda wapi na zinakaa miaka mingapi?

Mleta mada

Mama, swali hilo lilipaswa kuulizwa na sisi walimu kabla yako. Orodha ya washindi ukutani ni ufunikaji mwingine wa kosa, kwa sababu mtoto aliyeaibishwa leo kesho atanakili jibu la jirani ili asionekane, na mwalimu atakuwa amepoteza habari aliyokuwa akiitafuta. Ndiyo maana nilisema majibu yaonekane bila majina. Ukutani tunaona darasa, na mezani kwangu peke yangu naona nani ni nani.

Kuhusu kumbukumbu, Marekani ina sheria tangu mwaka 1998 inayodai idhini ya mzazi kabla ya tovuti au programu kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13, na Umoja wa Ulaya umeweka umri wa miaka 16 kwa idhini ya mtoto mwenyewe, huku nchi wanachama zikiruhusiwa kuushusha hadi 13. Sheria hizo hazifiki kila mahali, kwa hiyo mimi nina utaratibu wangu: hakuna mtoto anayeandikishwa kwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa wala picha. Kila mmoja ana namba ya darasa, na daftari linalounganisha namba na majina liko kwenye kabati. Programu inayokataa kufanya kazi bila taarifa hizo tunaachana nayo, hata ikiwa nzuri namna gani. Kama mzazi una haki ya kumwuliza mwalimu swali dogo: mwanangu akihama shule, nani atazifuta taarifa zake? Akishindwa kujibu, mwombe asubiri kwanza.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, kwa heshima zote, nadhani umeifinya teknolojia ikawa mtihani wa kila siku. Watoto wa madarasa ya kati wanaweza kuunda vitu kwa kompyuta: michoro, michezo, hadithi zinazotembea. Ukikaa kutafuta makosa tu, ubunifu unakwenda wapi?

Mleta mada

Nashukuru kwa kunibana, maana pingamizi hilo ndilo linalonirudisha kwenye kipindi nilichokipenda kuliko vyote. Mwaka 1967 watafiti Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon waliunda lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, inayoitwa Logo, ambayo baadaye ilipata kobe, mchoraji mdogo wa kwenye skrini: mtoto anampa amri za kwenda mbele na kugeuka, naye anaacha mstari nyuma yake. Scratch, lugha nyingine ya kompyuta kwa watoto iliyotolewa mwaka 2007 na MIT, chuo kikuu cha Marekani, imerithi mengi kutoka huko. Humo kosa halimsubiri mwalimu. Mtoto analiona mwenyewe, tena akiwa katikati ya kuunda kitu anachokitaka.

Msichana mmoja wa darasa la 6 alitaka kuchora pembetatu yenye pande sawa. Alijua vizuri kwamba kila pembe yake ni digrii 60, kwa hiyo akaamuru: rudia mara 3, nenda mbele hatua 100, geuka kulia digrii 60. Kobe akachora kitu kama bakuli lililolazwa ubavu, akasimama mbali na alipoanzia. Msichana akadhani mashine imeharibika, akaiendesha tena, bakuli likafungwa na kuwa umbo la pande 6. Nilikuwa nyuma yake, na nakiri kwamba kunyamaza kulinigharimu. Akainuka, akasogeza kiti, akaanza kutembea sakafuni kama kobe: hatua, kugeuka, hatua. Kwenye kona ya pili akasimama na kusema kwamba kobe hageuki kwa pembe ya ndani, anageuka kwa ile inayobaki nje. Akarudi akaandika 120, pembetatu ikafungwa.

Hapo ubunifu ulianza kweli. Kwa umbo la pande 5 akagawanya 360 kwa 5, akatumia 72, likafungwa. Akaligeukia umbo la pande 7, ambalo hakuna kitabu chetu kilichomwomba, akagawanya, akapata 51 na kitu, akaandika 51. Mstari wa mwisho ukakosa kuufikia wa kwanza kwa pengo jembamba ambalo wenzake walisema halina maana. Yeye hakuridhika. Nilimwambia tu ajumlishe mageuko yote saba, akapata 357, akaona kwamba kobe hajamaliza mzunguko kwa digrii 3. Akafuta 51, akaandika 360 gawanya kwa 7 ndani ya amri yenyewe, akabonyeza, kisha akasogeza uso karibu na skrini kukagua ile kona.